Mji Unataka Miguu ya Mama

Mama,

Mjukuu wako ameng'oa kigingi. Sasa hivi tu. Nilikuwa nakoroga chai ya wageni, Paulina akaingia jikoni na kijiti chenye rangi nyekundu kichwani, amekitumbukiza kwenye kikopo cha tope, anakoroga kama mimi. Nikamuuliza, umekitoa wapi hicho? Akasema, "Kwa Bibi." Nikamnyang'anya.

Shikamoo, Mama. Marahaba yako najiitikia mwenyewe moyoni.

Kigingi ni cha wapimaji. Tangu uondoke mambo ya mtaa wetu yamebadilika, halmashauri imeamua kutupimia njia. Wamepita na kamba yao, wakachomeka vijiti kuanzia kule barabara kubwa mpaka huku juu kwetu. Kwa jirani kimeangukia kwenye banda la kuku, akalibomoa mwenyewe. Kwa yule mzee fundi baiskeli kimemega jiko lake, akalalamika wiki nzima halafu akalivunja huku anatania, "Sisi tulijenga kwanza, mji ndio umetukuta. Basi mgeni apewe pa kukaa." Upande wa pili ni korongo, hawana pa kusogea.

Kwetu kimeangukia kwako. Wamekichomeka ubavuni mwa kaburi, usawa wa magoti. Kichwa chako kinabaki uani, miguu inaingia barabarani.

Wamesema watakuhamisha kwa heshima, katekista awepo na sisi wote tuwepo, mpaka kule juu ya shamba. Lakini familia ikubali kwanza. Leo wanakuja kuchukua jibu, ndio wageni wa chai hii. Tukikataa, mtaa wetu unarukwa na kazi inahamia mtaa mwingine.

Shemeji hataki. Mwanao mkubwa unamjua. Alisimama mbele ya majirani akasema, "Mji unataka miguu ya mama yangu." Yule dada wa mipango miji, binti mdogo tu, wametuletea kutoka kusini huko, alimwamkia shikamoo, Shemeji hakuitikia. Akarudia, "Shikamoo, baba." Shemeji akatazama pembeni. Mama, nilitaka ardhi inifiche. Wewe uliwaitikia hata walevi.

Baba Paulina yeye kasema atafuata atakachosema kaka yake. Na Mama Fausta, si unamjua mdomo wake, jana aliniuliza bombani, "Nyie mnasubiri nini, marehemu aje asaini?" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumchukia pia. Mwanawe ameharisha masika yote.

Hata Paulina ameharisha, Mama. Ndiyo habari ambayo sikutaka kukupa. Nilimpeleka kliniki mara mbili, amekonda hata ile kanga uliyokuwa unambebea ikawa inamzunguka mara mbili. Nesi hakuniuliza kwanza nampikia nini. Aliniuliza njia ya kwenda kwetu ikoje. Nikamwambia mvua ikinyesha inakuwa mto, maji yanashuka na uchafu wa vyoo vya juu, na watoto wanacheza humo humo. Akasema, "Basi dawa nitakupa, lakini ugonjwa utaukuta nyumbani unakusubiri." Nilirudi nikiwaza hayo maneno. Nilikuwa nadhani afya ya mtoto ni mama yake kunawa mikono. Kumbe mimi nanawa, na njia inamchafua.

Yule dada wa kusini naye alisema hivyo hivyo siku ya mkutano, sauti inatetemeka lakini alisema. Kwamba barabara siyo ya magari tu. Mtaro unafuata barabara, bomba linafuata barabara, hata gari la kunyonya choo haliwezi kuruka. Na gari la wagonjwa.

Aliposema gari la wagonjwa watu wote walinitazama mimi.

Kwa sababu wewe ulinifia mikononi, Mama. Nisamehe nikikukumbusha. Ilikuwa mchana, mvua ile ya Mbulu isiyo na haraka, na kifua chako kinapiga filimbi. Tulipiga simu, na gari lilikuja. Wenzetu wengine gari haliji kabisa, sisi lilikuja. Tuliliona kule chini, taa inazunguka kwenye ukungu, limesimama. Wanaume wakakubeba kwenye blanketi. Pale kwenye kona yetu, ua wako wa mnyaa umebana njia, ikabidi wageuke kiubavu ubavu, mmoja akateleza, tukakulaza chini kwenye tope kwanza. Matawi yakavunjika, utomvu ukaniingia jicho hili la kushoto. Nilikuwa nimekushika kichwa.

Ule mnyaa ulikuwa fahari yako. Nilipokuja hapa kuolewa nilikukuta unachomeka vipande vipya, kila masika, nje kidogo ya vile vya zamani, ili ua uwe mnene. Ukaniambia, "Mnyaa hauombi ruhusa, unakua tu." Na jirani naye akachomeka vyake. Hakuna aliyeiba njia. Kila mtu aliongeza kiganja kimoja, na mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa unapita zamani ukaacha kupita, na hakuna hata aliyeuliza kwa nini. Mwaka ule wa kwanza nimetoka kwetu Gehandu, ulinicheka sana. "Mtu wa Gehandu anaogopa ukungu." Ukanifunika na shuka lako la mistari. Bado ninalo.

Sasa nisikilize, maana hili sijamwambia mtu.

Pale chini kwenye tope ulinivuta kanga nikainama. Ulisema, "Huu mnyaa ukatwe. Gari lipite." Ukavuta pumzi, ukasema tena, "Ukatwe." Basi. Baada ya hapo hukusema neno. Wanaume walikuwa wanagombana nani ashike upande gani, mvua inapiga. Nilisikia mimi peke yangu.

Nilitaka kusema kwenye matanga. Lakini Shemeji alikuwa anaupunguza ule mnyaa kwa panga, taratibu, anautengeneza kama anamchana mtu nywele, analia, anasema hapa ndipo mikono ya Mama ilipopita. Ningesemaje? Mimi mkwe tu, nilikuja na begi moja. Nikisema leo watasema natengeneza maneno ya marehemu kwa sababu nina tumbo na nataka gari. Na kweli nina tumbo, Mama. Limeshapanda juu. Kliniki wamenikataza nisijifungulie nyumbani, kwa jinsi nilivyotoka damu kwa Paulina. Wewe ulikuwepo, ulinikanda, unajua.

Kwa hiyo ni kweli nataka gari. Na ni kweli ulisema. Vyote viwili ni kweli, na ndicho kinachonitia hofu.

Ngoja. Nasikia sauti nje, wageni wamefika. Kigingi bado kiko mapajani mwangu.

Nimerudi. Nimetoka mara moja na Paulina mgongoni. Shimo lilikuwepo, limeingia maji ya mvua ya asubuhi. Nitakuambia ukweli, nilisimama pale. Ardhi imelainika, kigingi ningekichomeka popote. Shubiri mbili tatu kuelekea njiani, miguu yako ingebaki kwako, Shemeji angefurahi, na nani angejua? Nikakiweka hapo pa pili. Kilikaa vizuri kabisa. Halafu nikaona na mimi nimechomeka mnyaa.

Nikakitoa. Nikakirudisha kwenye shimo lake, nikakigonga kwa jiwe mpaka kikakaza. Nilipoinuka Shemeji alikuwa amesimama mlangoni kwake, amenitazama. Sijui ameona lipi, lile la kwanza au la pili.

Chai imechemka imemwagika. Nimeiongezea maziwa.

Mama, nikuage sasa kabla hawajaniita. Kule juu ya shamba nimeshapaangalia. Pana jua asubuhi, na ukiwa pale unaona njia yote mpaka chini. Nitakupandia maua yale ya njano yasiyo na utomvu, na sitayaacha yatoke nje ya mstari. Huyu aliye tumboni akizaliwa salama, nitakuja naye kabla sijampeleka kwa mtu yeyote, nikuoneshe. Na Paulina akipona vizuri tumbo, nitamwachia akoroge tope lake kwako, ila siyo la njiani. Wewe mwenyewe ulimwita mke mwenzako, mvumilie.

Lala salama, Mama. Miguu yako tutaibeba vizuri, hakuna atakayeteleza safari hii.

Naitwa. Ni Shemeji, anaita kwa sauti kubwa mbele ya watu wote: "Mama Paulina, hebu njoo. Njoo uwaambie wageni ulikuwa unafanya nini pale kwa Mama."

Naenda. Sijui sauti yake ni ya hasira au ya nini. Nitawaamkia wote kwanza, halafu nitasema kama ulivyosema, bila kuongeza wala kupunguza, kwamba ulinivuta kanga pale kwenye tope ukasema huu mnyaa…