Hewa ya Mombasa

Alhamisi, 1 Oktoba 1992
Nimefungua duka, nimepangusa mtungi wa hewa kama kila siku. Robota la mitumba kutoka Masasi bado limefungwa, sina haraka nalo. Watu wa Newala hawaji kwangu kwa mashati peke yake. Wanakuja kuona mtungi. Umesimama mlangoni, wa manjano, na miwani yake ya kuzamia na vile viatu vya mpira kama miguu ya bata.

Leo wamepita wazee wawili wa Chiwata, wanatoka arusini. Wakaomba kunusa. Nikafungua koki kidogo, pssss. Nikawaambia hiyo ni hewa halisi ya Mombasa, ukivuta vizuri utapata na biriani. Mmoja alicheka mpaka akakaa kwenye robota. Wamenunua mashati mawili na kofia.

Siku hizi ruhusa kila mtu kuuza anachotaka. Wenzangu wameng'ang'ana na sabuni na sigara. Mimi nauza bahari, juu ya mlima, kwa watu wasio na maji ya kunawa. Nani mwingine angeweza.

Jina la duka: DUKA LA MZAMIAJI. Sijamdanganya mtu. Kuzamia nilizamia. Nilizamia meli pale Mtwara, nimejificha bila nauli, nikijua naenda Ugiriki, ikanitema Mombasa. Watu wakisema huyu alikuwa mzamiaji, naitikia. Wakidhani ni mzamiaji wa chini ya maji, hilo ni kosa la Kiswahili, si langu.

Mabomba hayatoi maji tangu juzi.

Jumamosi, 3 Oktoba
Mabomba bado makavu. Na maji yapo, hilo ndilo linaloudhi. Tangi kubwa la akiba limejaa. Ukifungua kifuniko cha juu unayaona, meusi, yametulia. Kuna kitu kimeziba mdomo wa bomba chini kabisa. Gunia, wanasema. Akina mama wanateremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Mama Shufaa wangu naye. Jana alirudi akakaa chini bila kuitua, nikamtua mimi.

Mkutano pale kwenye tangi. Fundi bomba, Baba Zainabu, akatoa wazo: ndoo na kamba, watu wote wapange mstari, maji yachotwe kwa juu na yagawiwe hapohapo. Yakifika kiunoni yeye ataingia alitoe hilo gunia. Kazi ya siku mbili tatu. Watu wakaanza kuitikia.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama. Najua. Wote walikuwa wanamtazama Baba Zainabu.

Nikasema, "Ndoo za nini, na mzamiaji mnaye?"

Vigelegele. Bwana Maji wa wilaya akanishika mkono na kuutikisa. Imepangwa Jumatatu asubuhi. Baba Zainabu alifurahi kuliko wote, akasema Mungu ametupa mtu. Huyu bwana ananizidi umri na sijawahi kumpa shikamoo hata siku moja. Namwambia "vipi fundi." Kwa sababu mimi nimefika Mombasa.

Nyumbani mke wangu ameuliza kitu kimoja tu. "Baba Shufaa, wewe unajua kuogelea?"

Nikamwambia nina njaa.

Jumapili, 4 Oktoba
Sikulala vizuri. Nimemkumbuka Bi Rukia.

Duka lake la kukodisha vifaa vya kuzamia kule Mombasa lilikuwa dogo kuliko hili langu. Makuti, benchi, pipa. Kazi yangu kuosha. Watalii wakitoka majini naosha mapezi, vile viatu vya bata, miwani, nguo za mpira, kwa maji matamu, pipa zima kila jioni, halafu namwaga. Nikiwaza leo naona aibu hata kwa hilo. Ndani ya bahari hiyo sijawahi kuvuka magoti.

Maduka ya jirani yalikuwa na mabango mazuri na muziki. Lakini watu walijaa kwa Bi Rukia. Siri yake niliiona kila siku na nikaidharau. Mtungi haukutoka mlangoni kabla hajaupima mwenyewe. Saa ya hewa aliigonga kwa ukucha, akafungua koki aone mshale unavyocheza, akaujaza upya hata kama umepungua kidogo. Miwani aliinusa. Mgeni alimtazama usoni kwa muda, kama anamchagulia binti yake mchumba. Halafu ama anampa, ama anasema, "Leo hapana." Nilimwona akimwambia hivyo mzungu mmoja mnene aliyenuka bia. Akatukanwa matusi yote. Akamchemshia chai.

Mimi nilimwona mjinga, anafukuza wateja. Nilipoondoka akanipa huu mtungi uliokwisha muda wake. Akasema niuweke kama pambo.

Kama pambo. Alisema hivyo kabisa.

Jumatatu, 5 Oktoba
 Niandike yote.

Watu walikuwa wengi kama sikukuu. Nilivaa miwani, mapezi, kila kitu. Niliwachekesha. Nikapanda, nikaingiza mguu kwenye ngazi ya ndani. Maji yakanifika kwenye ugoko, baridi. Nikatazama chini, hakuna chini.

Mguu wa pili ulikataa.

Nikasema mgongo umenishika.

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka. Baba Zainabu akapanda, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole. Nipe mimi, unielekeze." Alikulia mtoni Ruvuma, kuogelea anajua. Ningeweza kusema hapana palepale. Neno moja. Badala yake nikaanza kumfundisha kwa sauti kubwa, ili wote wasikie ninavyojua. Ng'ata hapa, vuta hivi, usihangaike. Akauliza kama hewa inatosha. Nikatazama saa. Mshale unaonyesha nusu. Unaonyesha nusu tangu nitoke Mombasa, umekwama, hata baada ya wilaya nzima kunusa. Nilijua. Nikamwambia ipo tele.

Na jambo moja sikumwambia, la kubana pua na kupuliza ili masikio yasiume. Bi Rukia alimwambia kila mgeni, nimelisikia mpaka kwenye ndoto. Nilisahau kwa sababu nilikuwa napungia watu.

Alishuka na kamba kiunoni. Mapovu yakaja. Yakapungua. Yakakoma. Kamba ikavutwa mara moja, kwa nguvu, halafu ikalegea.

Tulimvuta. Damu puani, damu sikioni, macho yamegeuka. Mtu mwingine ndiye aliyemlaza kifudifudi na kumkandamiza mgongo. Mimi nilikuwa nimevaa miguu ya bata, siwezi hata kukimbia.

Akakohoa. Amepelekwa hospitali ya Masasi kwa lori la korosho.

Jumanne, 6 Oktoba
Sijafungua.

Kinachoniua ni kwamba wanakuja kunipa pole. Mimi. Wanasema nilikuwa na roho ngumu kujaribu na mgongo mbovu. Wanalaumu mtungi, vitu vya Kenya ndivyo vilivyo. Mzee mmoja ameniletea mihogo. Niliipokea. Nikamwambia ahsante.

Mama Shufaa amekwenda bondeni, akarudi, akanitengea maji ya kuoga. Sikuyaoga. Nimeyarudisha kwenye mtungi wa udongo bila yeye kuona.

Alhamisi, 8 Oktoba
Jana na leo ndoo. Kamba, mstari, kama alivyosema fundi tangu mwanzo. Nimesimama kwenye mstari kati ya mwalimu mmoja na mama muuza maandazi. Mikono imechubuka. Kila mtu amerudi nyumbani na maji. Jioni hii yalipofika kiunoni vijana wakashuka na kulitoa lile gunia. Mfuko wa saruji tu, umeoza. Mabomba yametoa saa hiyohiyo.

Siku mbili. Tungeanza Jumapili, Baba Zainabu angekuwa hapa anatukana vijana kwa kuchafua maji.

Jirani akanipiga bega, "Mzamiaji, wewe hata ndoo unaweza." Nikamwambia mimi si mzamiaji, nilizamia meli, basi. Maji sijawahi kuingia. Akacheka sana. Nimejijengea sifa ya utani mwaka mzima, sasa nikisema kweli wanasubiri kichekesho. Nikarudia. Akaacha kucheka. Akahamisha ndoo yake mkono wa pili, akaondoka.

Mpaka jua linatua mji mzima ulikuwa unajua.

Jumatatu, 12 Oktoba
Nimekwenda Masasi. Mkungu wa ndizi na aibu yangu, basi.

Amekonda. Ngoma ya sikio la kushoto imepasuka, daktari hana ahadi. Nilikaa upande huo bila kujua, nikaongea maneno yangu yote niliyoyapanga njiani, na yeye akawa anatazama dirishani. Mkewe akaninong'oneza nihamie kulia. Nikahama. Maneno yalikuwa yamekwisha.

Yeye ndiye aliyeongea.

"Chini kule nilivuta mara chache tu, hewa ikaisha. Nikawaza, wale wazee wa Chiwata wamevuta yangu."

Mkewe akacheka, naye akacheka mpaka akashika kichwa kwa maumivu. Alikuwa ananipunguzia aibu. Sikuweza kucheka. Mimi, ambaye nimecheka mpaka kwenye misiba.

Jumamosi, 24 Oktoba
Nimefungua duka. Mashati na suruali tu. Bango nimeligeuza, upande wa nyuma hauna kitu.

Mchana amekuja bwana wa Chiungutwa na baiskeli. Anataka kukodi mtungi na miwani, kuna mahali Ruvumani pana samaki wakubwa. Alikuwa tayari kuniachia baiskeli dhamana. Nimemtazama usoni kwa muda.

Nikamwambia leo hapana.

"Kesho je?"

Kesho pia. Nikamwonyesha. Nikafungua koki mpaka mwisho, hakuna sauti. Akasema duka gani hili. Nikamchemshia chai.

Jioni Baba Zainabu amepita barabarani na mkoba wake wa spana, siku yake ya kwanza kurudi kazini. Nilikuwa mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

Akapita. Nilikuwa upande wake wa kushoto.

Nikavuka barabara, nikamzunguka, nikasimama kulia kwake. Nikarudia.

"Marahaba," akasema, akaendelea kwenda tangini.