Alama kwenye fimbo ya gobole

Jumapili, Sikonge

Mume wa dada yangu katazama video mbili za bunduki kwenye simu, basi keshakuwa fundi. Leo kashindilia gobole la marehemu baba, eti akafukuze nguruwe shambani. Fimbo ya kushindilia ina alama niliyoikata mimi, baba akinielekeza: ikibaki juu ya mdomo wa mtutu, risasi haijafika chini, na mtutu unaweza kupasuka. Ilibaki juu vidole vitatu.

Nikamwambia. "Shemeji, kamenye mihogo," akanijibu bwege yule, na wageni wakacheka.

Niliogopa sana. Nikamimina sufuria nzima ya maji mtutuni, ndipo nikaenda kumenya mihogo.

Tangu hapo anamhesabia dada makosa yangu kwa vidole. Vyote kumi bado anavyo.