Mishumaa ya Chujio Lako, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza barua yako kwa namna nyingine.

Arobaini yako imepita. Baba bado analala upande wake wa kitanda, wako haugusi. Mahindi uliyoyapanda tumeyavuna bila wewe.

Nina jambo la kukuambia, na naona aibu. Unakumbuka nilipokuletea lile chujio kutoka Tabora mjini? Dukani niliwekewa vitu mbele yangu nichague: birika kubwa na chupa ya chai, au chujio la bati lenye bomba. Tangu mhamie kijiji cha ujamaa kuni zimekuwa mbali, ukawa unarudi na mzigo kichwani huku unakohoa. Nikasema mama yangu hatachemsha tena maji. Siku ile ulicheza pale uani, ukasema, "Mwalimu wangu kanipumzisha."

Mwalimu gani mimi. Karatasi ya maelezo niliisoma pale pale dukani. Ilisema mishumaa, vile vidude vyeupe vya udongo vilivyomo ndani, ioshwe kwa brashi laini tu. Nikaikunja, nikaitia mkobani, nikawahi treni ya Usoke. Sikukuambia.

Na ninavyokujua! Wewe na usafi wako, Mama. Majirani walikutania kwamba unasuka nywele kwa kujitazama kwenye sufuria. Kumbe na mishumaa uliisugua kwa mchanga na majivu kila Jumamosi. Siku ya msiba nilifungua chujio niwape watu maji, nikaikuta imekonda, mmoja una ufa wa kupitisha ukucha. Maji ya lambo yalikuwa yanapita tu. Siku zote ulizoharisha kabla ya kutuacha ulikuwa unaendelea kuyanywa, ukidhani ni safi. Nilikaa chini jikoni. Nikanyamaza.

Kunyamaza kwangu kukamwangukia jirani yako, Mama Nyanzala. Shangazi ndiye aliyeanza: yule waligombania mpaka wa shamba, yule ana lake jambo. Wanawake wakaacha kumsalimia lamboni. Baba akataka kwenda kwa mganga athibitishiwe kwamba ulirogwa. Nami nasikiliza, nasonga ugali.

Jumapili nilishindwa kuvumilia. Nilimwita Mama Nyanzala, nikaiweka mishumaa mkekani mbele yake na Baba, nikasema yote. Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliushika ule wenye ufa, akaugeuzageuza, kisha akamwomba jirani msamaha, yeye ambaye hajawahi kumwomba mtu msamaha mbele yangu.

Mama Nyanzala hakufurahi. Aliinama akasema, "Kifua kilipomzidi akawa hana nguvu, niliyekuwa nasugua ni mimi. Nilisugua kwa bidii, nimfurahishe." Tulilia wote watatu, Mama, na Baba hakuficha uso.

Nimemwambia kosa ni langu, aliyeisoma karatasi ni mimi. Hakuniamini. Nitamwambia kila nikija nyumbani. Birika na chupa ya chai nimewaletea, na kuni nitakuwa natafuta mwenyewe kila likizo. Nimeomba pia darasa la jioni la akina mama, niwasomee kila karatasi inayoingia kijijini, neno kwa neno.

Pumzika, Mama yangu. Unisamehe ukiweza. Lakini yeye umsamehe kwanza, maana bado anajitazama mikono.

Mwanao