Mamangu, Uliyachemsha

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini leo nina hasira na sina wa kumwambia ila wewe.

Wakumbuka ule mwaka mfereji ulipokauka hapa Timbwani, tukawa tunateka maji bwawani, yale ya ukoga wa kijani? Uliyachuja kwa leso, ukayachemsha hata sufuria ikaingia weusi. "Mwanangu, ngoja yatokote," ukinambia, nami koo limenikauka. Na bado tumbo likanilaza wiki nzima. Akaja bwana afya, akasimama barazani mbele ya majirani: "Wewe mama mvivu, huchemshi maji." Ukamletea sufuria ingali moto. Hakuitazama! Tangu siku hiyo Bi Zuhura, jirani wa mlango kwa mlango, akawa akikirudisha kikombe chako cha chai kimejaa vilevile. Ulikufa na aibu isiyokuwa yako.

Sasa nisikilize. Juzijuzi alikuja binti mmoja wa chuo na vifaa vyake. Akayapima maji ya bwawa lilelile, akayachemsha, akayapima tena. Ule ukoga hutoa sumu, na sumu hiyo ipo palepale! Moto huua vijidudu, mama, lakini sumu ile haiujali moto. Wallahi nililia mbele za watu.

Kumbe dawa yake ni jua. Binti aliweka vioo vipana nyuma ya madrasa, vimepakwa unga mweupe ambao wenyewe huuita kichocheo. Maji yanapita juu yake taratibu, jua likiupiga ule unga sumu inavunjikavunjika, na unga wenyewe haupungui. Akapima tena mbele yetu, sumu haikuonekana. Akatukabidhi, akaenda zake.

Na kamati ya maji ikafanya nini? Ikavifunika kwa turubai! Eti visiguswe mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Kitu kinachofanya kazi kwa jua wamekitia gizani, na watoto wa watu wanakunywa sumu iliyochemshwa vizuri. Hawa wana haya kweli? Mgeni mwenyewe akaahirisha, kisha akaahirisha tena.

Jana asubuhi nikaenda na kisu, nikazikata kamba. Mwenyekiti akaja mbio, kanzu kaishika mkononi. "Mheshimiwa tutamwambia nini?"

"Mwambie watu walikuwa na kiu," nikamjibu.

Alasiri nikayateka yale yaliyopita viooni, nikayachemsha, maana vijidudu navyo vipo, nikapika chai ya iliki kama yako. Bi Zuhura alipita, kazeeka, anatembea kwa mkongojo. Nikamkaribisha, nikampa kikombe. Akakishika, hakukitia mdomoni, akaniuliza polepole, "Umeyachemsha?"

"Nimeyachemsha, bibi. Kama alivyokuwa akiyachemsha mamangu."

Aliinamisha kichwa, mama. Kisha akanywa mpaka akakimaliza.

Sufuria yako ninayo mimi. Weusi wake siusugui.

Kitinda mimba wako