Mama, Nimejua Kilichokuwa Ndani ya Mafurushi

Mpendwa mama,

Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, bado nipo hapa hapa Kawajense kwa mjomba. Ungekuwepo ungenitania kwamba nimenenepa kwa kukaa bure. Ila sikukaa. Mjomba alipouza mpunga wake wa Kasekese alikuja na wazo la kununua duka la dobi karibu na stendi, lenye mashine mbili, ambalo mwenyewe alikuwa analiuza ahamie Sumbawanga.

"Utaliendesha wewe, mimi jembe langu silitupi," aliniambia. "Ila kabla sijatoa hela yangu, zunguka kwanza. Uliza watu kama wanahitaji dobi. Hii hela ikipotea, mama, mwakani tunakula majani."

Bado ananiita mama kwa sababu nina jina la bibi. Na mtu aliyemtuma kuzunguka ni mimi, ambaye ulikuwa unanituma chumvi kwa jirani nikarudi nikasema hawapo, kumbe hodi yenyewe sijapiga.

Nilianza na lile duka. Nilipofungua mlango wa mashine, harufu iliyotoka ilinishika kooni. Kwenye ule mpira wa mlango kulikuwa na nywele, mabaki ya sabuni yaliyogeuka ute, na plasta ya kidonda ya mtu. Mwenye duka alikuwa anatoa mashuka ya gesti. Maji yaliyotoka humo aliyakinga kwenye pipa, kisha akayachota akamwagia sare za shule za watoto zilizokuwa kwenye beseni. Nilimuuliza kama huwa habadilishi maji.

"Maji ya kununua haya, binti," alisema. "Sabuni haijui shuka ni la nani."

Nilitoka nje nikatema mate nyuma ya ukuta. Nilikukumbuka ulipokuwa unafulia watu, na beseni zako tatu nyuma ya nyumba, moja ya kufua na mbili za kusuuza, na jinsi ulivyokuwa ukinusa kila nguo kabla ya kuikunja. Ulikuwa unaniambia, "Nguo ya mtu ikinuka, hainuki yeye, nanuka mimi." Mikono yako ilikuwa imebabuka katikati ya vidole, na bado ulikuwa unanusa.

Baada ya hapo nikaanza nyumba kwa nyumba. Mama mmoja wa Kisukuma alinicheka vizuri tu. "Nina mabinti watano humu ndani, nimlipe dobi wa nini? Labda unitafutie mkwe." Walimu wawili wanaopanga chumba kimoja walisema wangeleta nguo kila wiki kama tungepiga na pasi. Baba mmoja anayeuza dagaa wa Kapalamsenga aliniuliza kama mashine inaondoa harufu ya dagaa kwenye nguo. Nikasema sijui. Akasema, "Basi karibu kwenye ndoa yangu, harufu hiyo ndiyo ugomvi wetu." Mkewe alikuwa pembeni anacheka hadi machozi. Siku hiyo nilirudi nikiwa na furaha, mama. Niliona watu ni wazuri.

Lakini kwenye nyumba nyingi, hasa zile zenye geti, kuna swali lilikuwa linakuja mwishoni. Mwenye nyumba ananisindikiza, anaangalia nyuma kama kuna mtu, halafu anashusha sauti. "Nyie mtapokea na vya ndani?"

Mara ya kwanza nilidhani sikuelewa. Wewe mwenyewe ulinifundisha nikiwa darasa la nne kwamba nguo ya ndani mtu anafua mwenyewe, akiwa bafuni, na anaianika chini ya kanga ili mpita njia asione. Ulisema hata mgonjwa akifuliwa na nduguye anaona aibu mpaka apone. Na ukaniambia nikipita kwa watu, upepo ukainua kanga yao, niangalie pembeni. Nilifikiri kila mtu amefundishwa hivyo. Kumbe wamefundishwa wote, ila kuna wanaotafuta mtu wa kubeba hiyo aibu kwa niaba yao.

Halafu nikafika kwa Mama Sele.

Unamkumbuka. Nyumba ya mabati ya bluu, kabla ya bomba la mtaa. Alinipokea kwa bashasha, akanipa na soda, akasema nimefanana na wewe mpaka kucha. Nilipomueleza habari ya dobi alipiga kofi pajani.

"Mbona mtanifaa. Tangu mama yako atutoke sijapata mtu. Hawa wa siku hizi wanachambua, hiki napokea, hiki sipokei. Mama yako alikuwa hachambui. Nilikuwa nafungia vyote katikati ya shuka, hata vya Baba Sele, na siku zangu zile nafungia hivyo hivyo. Hakuwahi kuuliza. Mama yako alikuwa mtu, jamani."

Soda ilinishinda. Niliishika tu mkononi.

Nilikuona pale pale, mama. Furushi linafika asubuhi limewekwa mlangoni, na wewe unalichukua unaenda nalo nyuma ya nyumba na kunigeuzia mgongo. "Nenda kachote maji." Nikisema ndoo zimejaa, unasema, "Basi kamwage, ukachote mengine." Nilikuwa naenda nikilalamika kwamba mama yangu anapenda kunitesa. Sikujua ulikuwa unafungua shuka la mtu na kukutana na damu yake imekauka, na hutaki niione, na hutaki hata nijue kwamba watu wanaweza kumfanyia mtu mzima hivyo.

Na kuna jambo la pili, ndilo linalonifanya nisilale vizuri. Wewe ulikuwa huna mume. Kwenye kamba yetu kulikuwa na kanga yako ya njano, na siku moja upepo uliinua, watu bombani wakaona boksa za kiume. Aliyecheka kwanza alikuwa Mama Sele. Nilikuwa nimesimama foleni na ndoo yangu. Alisema kwa sauti, "Jamani, mjane wetu naye analelewa. Mlezi mwenyewe ana kiuno kipana hicho." Watu wakaangua kicheko. Wiki nzima walikuwa wanakuita Bi Harusi. Nilikuuliza ni za nani, ukasema, "Za kazi. Waache wacheke, watachoka."

Zilikuwa za Baba Sele, mume wake. Alizijua. Pengine alizinunua mwenyewe, na alisimama bombani akazicheka kwenye kamba yako, kwa sababu alijua hutasema. Na wewe kweli hukusema. Uliona ni afadhali mtaa ukudhanie mabaya kuliko kumtaja mteja.

Nimejaribu kuona wema ndani yake, mama, kwa kuwa wewe uliuona. Sijauona. Nikimkumbuka anavyotabasamu akisema "mama yako alikuwa mtu", naona heri ile mashine ya dobi. Kule kulikuwa na nywele na plasta tu. Na mimi nilimwambia asante kwa soda. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Nilimpelekea mjomba majibu tukiwa tunapukuchua mahindi. Nilimwambia wateja wapo, ila walio wengi wanataka mtu wa kufua vya ndani bila kuuliza.

"Basi soko lipo," alisema kwa furaha. "Si tutavaa glovu?"

Nikamwambia sitaki. Sauti yangu ilitoka kubwa, mpaka mke wake akachungulia kutoka jikoni. Nikamwambia kama nitaliendesha mimi, mashine zitafunguliwa na kusuguliwa zote kabla ya nguo ya kwanza, mashuka ya gesti yatakuwa na siku yake na maji yake, na mlangoni kutakuwa na meza. Kila mteja atalifungua furushi lake mwenyewe pale mezani, mbele yangu. Kisichofaa kuonekana pale mezani atarudi nacho kwake.

"Utafukuza watu, mama."

"Watakaobaki ndio wateja."

Alipukuchua hindi zima hadi likabaki gunzi. Halafu nikamweleza za nani zilikuwa zile boksa. Yeye pia alikuwa amesikia lile jina la Bi Harusi, hadi huko Kasekese shambani kwake lilimfikia, na alikuwa ameliamini. Alilitupa lile gunzi, akanyanyuka, akaenda kukaa nje. Aliporudi alisema tu, "Meza iwe ndefu kiasi gani?"

Tumefungua, mama. Walimu wameleta nguo zao, na muuza dagaa ameleta, na nimejua sasa kwamba ile harufu inatoka ukiloweka na ndimu kwanza. Wenye mageti wengi wamekuja, wameiona meza, wamesema watarudi. Mjomba anahesabu hao wasiorudi na kuguna. Inawezekana tukashindwa. Nimemwambia hivyo na yeye anajua.

Juzi alikuja Mama Sele na furushi kwapani, shuka limefungwa fundo kubwa. Nilimwamkia, kisha nikasema, "Fungua hapa, mama, tuhesabu pamoja." Aliangalia meza, akaangalia walimu waliokuwa wanasubiri nyuma yake. Akasema, "Kumbe nimesahau kitu nyumbani." Akaondoka nalo kwapani.

Jana nilipita kwao nikienda bombani. Kwenye kamba yao kulikuwa na kanga imetandazwa vizuri, na chini yake vitu vinadondosha maji. Mama Sele alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko. Upepo ukaja ukainua ile kanga yote.

Nilitamani sana kuangalia, mama. Nilitamani na kucheka. Niliangalia pembeni, nikaenda kuchota maji.

Ni mimi,
mwanao uliyekuwa unamtuma maji hata ndoo zikiwa zimejaa