Mama, Maua Yako Tumeyaosha

Mwaka umetimia, Mama, tangu alasiri ile uliposema unajinyoosha kidogo, ukaacha mkasi juu ya cherehani na hukuamka tena. Tungependa kukuambia kwamba tumezoea. Hatujazoea, tumechoka tu.

Ulishona mapazia ya watu kwa miaka ishirini na sita, na kila jioni ulirudi na mkoba umejaa vipande vilivyobaki. Wengine wangevitupa. Wewe uliviloweka kwenye maji ya wanga, ukavikausha, ukavikata na kuvizungushia waya vikawa maua, ukayaweka sebuleni, ukumbini, juu ya jokofu, hata chooni. Wageni walitafuta pa kuweka kikombe. Jirani wa mlango wa pili aliwahi kuinama kunusa waridi lako la mezani, na mpaka unaondoka hukuacha kumtania. Kila alipokuja ulimuuliza, "Leo hunusi?" Na siku nyuki alipoingia dirishani akatua juu ya ua la kipande cha pazia la zahanati, ulitembea kichwa juu wiki nzima. "Nyie mnaweza kunisifu kwa sababu mnakula kwangu," ulisema. "Nyuki ananisifia nini?"

Ulikuwa na moyo mkunjufu. Bibi harusi asiye na kitu alipata shada lake kwako bila kuulizwa maswali. Ukikasirika hukupiga kelele, ulikata kitambaa. Sisi tulijua hali ya nyumba kwa wingi wa petali mezani.

Lakini kazi iliyopo hukutuambia. Maua ya bandia hayanyauki, na hapo ndipo shida ilipo, maana vumbi nalo halichoki. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliyatoa yote, ukayasugua kwa mswaki wa zamani kwenye beseni la sabuni, ukayaning'iniza kwenye kamba vichwa chini. Wapita njia walisema leo mama kafua bustani. Shada moja tu hukulitoa kamwe, lile la njano kwenye mlango wa chumba cha Kaka. Hilo ulilifuta palepale kwa kitambaa kibichi, ukidai waya wake utalegea.

Kazi hiyo imeniangukia mimi, kitindamimba wako niliyebaki nyumbani. Natoka kazini, napika, nampa Baba dawa, halafu nashika mswaki. Ni maua mia mbili na kumi na moja. Mwezi wa nne nilikaa kando ya beseni nikalia, na haikuwa kwa kukukumbuka, Mama, unisamehe. Mikono ilikuwa inauma.

Kilichotuchosha zaidi ni kimya. Unajua Kaka na Baba walivyo tangu Kaka aupige mlango ule teke, miaka kumi na moja iliyopita, akaondoka na begi lake. Alirudi kutusalimia, ndiyo, lakini maneno yote yalipita kwako. "Mwambie mwanao chai ipo." "Mwambie Baba nimeshiba." Ulipoondoka, hakukuwa na wa kumwambia mtu chochote. Kaka alikuwa akija kila mwezi na lori lake, anakaa saa nzima akitazama maua, anaondoka.

Wiki tatu zilizopita nilishindwa. Walikuwa wote wawili sebuleni. Nikaleta maboksi, nikasema, "Nimechoka. Nayafunga maua yote, atakayeyataka atayafungua." Nikaanza na lile shada la njano, kwa sababu lilikuwa karibu.

Nyuma yake kulikuwa na tundu. Ubao wa nje umepasuka, ukubwa wa kisigino, kama ulivyoachwa siku ile.

Baba akavaa miwani. "Mama yenu aliniambia ulikuja siku moja sipo, ukauziba," alimwambia Kaka. Hakuwa amemsemesha moja kwa moja kwa miaka kumi na moja.

"Mimi aliniambia umeuziba wewe, Baba. Kwa mkono wako. Akasema hukutaka kuita fundi."

"Mimi? Mimi nishike nyundo?"

"Ndiyo maana nilishangaa."

Baba alicheka hadi akakohoa. Kisha akavua miwani, nasi tukatazama pembeni. "Miaka yote hii," akasema, "nikisema moyoni, angalau kijana alirudi akatengeneza."

"Hata mimi nilisema hivyohivyo," Kaka akajibu.

Ulitudanganya, Mama, na hatuna hasira nawe. Ila ulibeba mzigo huo peke yako, na kitambaa kibichi mkononi, na sisi tukidhani unapamba nyumba. Hilo linatuuma.

Kaka alileta ubao siku iliyofuata. Baba alishika misumari na kutoa maelekezo ambayo hayakuhitajika. Mlango sasa ni mzima, lakini Baba aliutazama siku mbili akasema umekaa vibaya hivyo mtupu, na shada likarudi mahali pake. Maboksi tumeyagawa yakiwa matupu.

Jumamosi iliyopita Kaka ndiye aliyekaa kwenye beseni na Baba akaanika. Walibishana asubuhi nzima kuhusu sabuni, mmoja akisema imezidi, mwingine akisema wewe ulitia zaidi. Nimesimuliwa tu. Mimi nilikuwa nimelala, Mama, usingizi mzito, jua likiwa juu, kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Unakumbukwa na mumeo, na mwanao mkubwa, dereva, na mimi kitindamimba wako, na mdogo wako, Mama Mdogo, ambaye bado ana shada lake la harusi, na wajukuu, na jirani wa mlango wa pili, ambaye ameomba tuandike kwamba hanusi tena.

Tutakukumbuka daima, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa zamu.