Matangazo ya Ndoa ya Esta

Jumatatu, 7 Julai

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, kama kawaida. Kustaafu uaskari magereza nimestaafu, ila mwili bado unangoja kengele ya gereza. Nikafagia ua, nikawafungulia kuku, nikabandika uji. Uji ukaungua kwa sababu nilikuwa nagombana na jogoo. Mtaa mzima wa Mpumudde, hapa Jinja, umelala, na mimi nimeshamaliza kazi za siku. Sasa nifanye nini mpaka jioni?

Jana kanisani nilikaa nyuma, karibu na mlango. Walipoitwa watu kwenye Meza ya Bwana nikatoka nje, nikajifanya nakohoa. Tangu nirudi kanisani mwezi wa kwanza ni hivyo hivyo. Naimba, natoa sadaka, nakohoa.

Mama Perusi ameliona. Anauza dagaa sokoni na ndiye anayeongoza ushirika wa walokole hapa mtaani. Alinisubiri nje. Akaniambia kwamba kwao kutubu ni mwanzo tu. Ukishatubu unarudi kwa yule uliyemkosea, uso kwa uso, unatengeneza. Aliyeiba kuku anarudisha kuku. Nikamwambia mimi sijaiba kuku wa mtu. Akanitazama tu.

Jumatano, 9 Julai

Ushirika nyumbani kwa Mama Perusi. Nimetoa ushuhuda. Nilisema nilikunywa waragi miaka mingi na Bwana ameniachisha. Wakaimba, wakanikumbatia mmoja mmoja. Nikaona haya. Pombe ndiyo nusu rahisi.

Nikawaombea wagonjwa. Mama Perusi anasema nikiomba kwa Kiswahili Mungu anasimama mguu sawa. Watu wakacheka. Wacheke. Nimezaliwa kambini, baba mwanajeshi, lugha ya kumlilia Mungu ninayo hiyo hiyo ya paredi.

Wakati wa kuondoka akanishika mkono mlangoni. "Afande, wewe nasema ya chupa. Ya mutu je?"

Mwanamke huyu angekuwa hodari sana kwa kupekua wafungwa.

Ijumaa, 11 Julai

Mama Akinyi amerudi kutoka Mbale. Ni jirani yangu, Mkenya, anauza nguo na vitambaa huku na huko. Alivua viatu, akaomba maji, akalalamika juu ya barabara. Halafu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, akasema biashara imekuwa nzuri, kuna mama mmoja wa huko, Khainza, amenunua vitambaa vya harusi. Binti wa marehemu kaka yake anaolewa. Esta, mwalimu. Tangazo la kwanza limeshasomwa kanisani, yamebaki mawili. Harusi ni tarehe ishirini na sita.

Nikamwambia nina kuku wa kulisha. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya jerikeni.

Esta. Mwalimu, kama baba yake. Sijui hata ana urefu gani.

Jumapili, 13 Julai

Leo huko wamesoma tangazo la pili. Mimi niko hapa. Nimekohoa.

Jumatano, 16 Julai

Nimesema yote ushirikani. Sikupanga. Nilisimama niombe wimbo, mdomo ukaenda wenyewe.

Nilisema nilikuwa mke wa mwalimu Yona wa Mbale, na tulikuwa na mtoto mmoja. Nikahamishiwa gereza la kaskazini. Esta alikuwa na miaka miwili. Nikamwacha kwa wifi yangu Khainza, nikasema narudi Krismasi. Kule nikaonja kuishi bila mtu wa kuniuliza. Pombe ya mesi ya askari, kisha sajini mmoja ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri. Krismasi ikapita. Yona akatuma watu. Kisha akaja mwenyewe, na mimi nikamwambia askari wa geti amwambie sipo. Nilimwona dirishani akirudi kituo cha basi na mfuko wake wa ndizi alioniletea.

Kisha Yona akafa. Habari ilinifikia siku mbili kabla ya maziko. Nilikuwa na nafasi ya kwenda. Nikanywa. Kwa Wagisu, watu wa Yona, na hata kwetu, mke asiyetupa udongo kwenye kaburi la mumewe amejifungia mlango mwenyewe. Baada ya hapo kila mwaka ulikuwa mzito kuliko uliopita. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi niliujua, nikaukimbia.

Hakuna aliyeimba. Mzee mmoja alikuwa anafuta miwani. Nikadhani watanifukuza, na kusema kweli ningefarijika.

Mama Perusi akasema, "Sasa umesema. Kuimba, tutaimba. Lakini mutoto hayuko hapa."

Nimekasirika njia nzima. Nimekasirika kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 19 Julai

Niko Mbale. Chumba cha wageni, kitanda kinalia. Jirani ni baa. Bila shaka.

Njiani nilijipangia maneno kama ripoti: mimi fulani, namba fulani, naomba msamaha. Tulipoanza kuuona mlima wa Wanale yote yakayeyuka. Ule mlima umekaa pale pale. Nilidhani ungekuwa mdogo.

Mpango wangu: kesho nakwenda kanisani, nakaa nyuma, nasikia tangazo la tatu. Namwona hata mgongo tu. Kisha nitaona. Mungu, kama bado tunaongea, nishikilie miguu.

Jumapili, 20 Julai

Naandika upesi.

Nilikaa nyuma. Khainza nilimtambua mara moja, mbele, upande wa akina mama. Amenenepa, shingo ni ile ile ya mtu asiyeombwa mara mbili. Pembeni yake msichana mrefu, nywele fupi. Mrefu kama mimi. Sikusikia mahubiri.

Mchungaji akasoma matangazo ya ndoa, kwanza kwa Kimasaba, lugha ya Wagisu, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa polisi na wa kutoka nje. Esta, binti wa marehemu mwalimu Yona na marehemu Agnesi.

Marehemu Agnesi.

Nimesomwa kanisani mara tatu kuwa nimekufa, na watu wakasema amina. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye kujua kizuizi chochote, na mimi ningeweza kusimama palepale nikasema, kizuizi ni kwamba maiti amekaa kiti cha nyuma. Nikamtazama yule msichana. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikakaa.

Ila nilisahau desturi. Baada ya matangazo wageni husimama, kila mmoja anataja jina na anakotoka. Mhudumu aliyenikaribisha mlangoni hakusahau. Akaja na kipaza sauti mpaka kwangu, akanisimamisha kwa tabasamu. Kanisa zima likageuka. Jina langu lilikuwa limetoka kusomwa muda huo huo, kati ya wafu.

Nikasema, "Mimi ni mgeni, natoka Jinja. Nawasalimu katika jina la Yesu." Nikamrudishia chombo chake.

Jina sikulitaja. Ni mara ya kwanza tangu nimzae kumfanyia Esta jambo la kumfaa, na lenyewe ni kunyamaza.

Lakini sauti yangu haina pa kujificha. Khainza hakugeuka na wengine. Aligeuka baada yao, polepole.

Ibada ilipokwisha wageni tulipelekwa ofisi ya kanisa kunywa chai. Akaja akasimama mlangoni, akawaomba wengine watupishe.

"Afande," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita zamani kwa kunikejeli. "Bado unaongea kama uko paredi."

Nikamuuliza nani alinizika. Nilitaka iwe kali, ikatoka kama mtu aliyepaliwa. Akasema ni yeye. Akasema Esta kila Krismasi alikuwa anavaa gauni zuri anakwenda kukaa kando ya barabara, hali chakula. Mwaka ule Yona alipokufa, alikwenda tena. Khainza akamfuata, akamwambia mama naye amekufa, asingoje. Mtoto alilia wiki nzima, kisha akaanza kula.

Hasira yote niliyoibeba kutoka kiti cha nyuma ikakosa pa kukaa.

Akaketi. Akasema tangu siku ile hajapata usingizi wa maana, na uongo wake umesomwa madhabahuni mara tatu huku yeye amekaa mbele. "Unisamehe kwa kukuua," akasema.

Mimi ndiye niliyesafiri kuja kuomba. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi, magoti haya mabovu, nikamwambia anisamehe yeye, kwa kaka yake, kwa mtoto, kwa kila Krismasi. Hakusema ndiyo. Alinivuta mkono niinuke, akasema chai inapoa. Kwa Khainza hiyo ni kubwa.

Nikamsihi asimwambie Esta kabla ya harusi. Akasema, "Hapana. Nimechoka." Atamwambia leo usiku.

Jumatatu, 21 Julai

Hakuna mtu aliyekuja. Nimekaa chumbani nikiangalia mlango. Kila kishindo cha nyayo kwenye ujia ni chake, kisha si chake.

Jioni baa ya jirani ilifungulia muziki. Nilivaa viatu. Nilifika mpaka kwenye ngazi. Nikakaa pale pale kwenye ngazi, nikaomba kwa sauti, mhudumu akadhani ninaongea na simu. Nikarudi chumbani. Nina hamu ya mwanangu kama njaa.

Jumanne, 22 Julai

Amekuja.

Alibisha hodi kwa adabu, akakataa kukaa kitandani, akaketi kwenye kiti cha plastiki na mkoba mapajani. Mikono ni ya Yona. Alinitazama muda mrefu. Mimi niliyezoea kuwakazia macho wahalifu nikaangalia sakafu.

Alikuwa na swali moja. "Uliwahi kuja? Hata mara moja?"

Ningeweza kudanganya kidogo. Uongo mtamu ulikuwa umeshafika ulimini. Nikamwambia ukweli: mara moja. Nilishuka hapa Mbale, nikafika mpaka kwenye mnara wa saa, nimeshika mwanasesere. Nikaingia baa nipate ujasiri. Nilitoka giza limeingia, nikapanda gari la kurudi. Mwanasesere nilimsahau kule ndani.

Akalia bila sauti. Sikumgusa. Sikuwa na haki hiyo.

Nikamwomba msamaha. Maneno ya kawaida kabisa, sina mengine. Akajipangusa kwa leso, akasema, "Nimezoea kukulilia. Kukuangalia sijazoea."

Kisha akasema nije harusini. Ila mahali pa mama atakaa Senge, yaani shangazi yake, maana yeye ndiye aliyemlea. Nikasema ni sawa. Inauma sana na ni sawa.

Jumamosi, 26 Julai

Harusi. Nilikaa katikati ya kanisa, si nyuma, si mbele. Mama mmoja akaniuliza mimi ni upande gani. Nikamwambia, wa bibi harusi. Jinsi ilivyokuwa tamu kulisema hilo.

Mchungaji alipowataja wazazi alisema, "marehemu mwalimu Yona, na Agnesi." Minong'ono ikapita viti vyote. Khainza hakutikisika. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa mchungaji siku ya Alhamisi kukiri uongo wake. Mwanamke wa mji huu, shangazi wa bibi harusi, wiki ya harusi. Najua imemgharimu nini.

Esta alipita karibu nami wakati wa kuingia. Alinitazama, akatazama mbele. Nikamtafuta tena baadaye, pakawa na watu, miavuli, wapiga picha. Nilitaka kumshika hata kidole. Sikumshika.

Walipoitwa watu kwenye Meza, kifua kikaanza kuniwasha kwa mazoea. Nikatazama mlangoni. Nikainuka. Khainza alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati akizuia foleni, watu nyuma yake wanashangaa. Ananingoja. Tukapiga magoti pamoja. Mkate ni mdogo sana. Nilikuwa nimesahau.

Sikuona nuru yoyote. Niliona tu kwamba sikimbii. Mungu alikuwepo muda wote huu, hata kule mesi, na hilo ndilo lililoniliza.

Jumatano, 30 Julai

Jinja. Mvua tangu asubuhi. Ushirika haukuwa na watu wengi. Mama Perusi hakuniuliza kitu, alinipa dagaa wa bure, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jioni simu ikalia. Namba nisiyoijua. Sauti yake. Hakuniita mama. Hakuniita jina lolote. Akasema amekuwa akijiuliza kitu tangu utotoni na hakuna wa kumwuliza, Senge hakuwepo. "Nilizaliwa mchana au usiku?"

Nikaketi chini.

Nikamwambia alizaliwa alfajiri, hapa Jinja, tulipokuwa tukiishi huku. Kwamba alitoka akiwa na nywele nyingi na hakulia, alipiga chafya. Kwamba mkunga alicheka. Kwamba baba yake alipoambiwa, alikimbia kwanza kwenda kuwapigia hodi majirani, ndipo akarudi kumwona.

Nikanyamaza. Upande ule nao kimya. Nikadhani simu imekatika, nikaita, "Esta?"

"Nipo," akasema. "Endelea."